Sataranji Si Drafti

Ndugu msomaji, huko kwenu bila shaka uko mwembe, au baraza ya duka, au banda la seremala, ambapo watu wazima hukusanyika jioni kucheza drafti kwa vizibo vya soda. Kwetu pia uko mwembe huo, nami nakwambia bila kujisifu sana kwamba chini yake nilikuwa mtu wa kuogopwa. Basi siku ile mwalimu mwenzangu, aliyehamishiwa shule yetu kutoka mjini, alipofungua sanduku lake akatoa ubao wa sataranji, nilicheka moyoni. Nikaona ni nyumba 64, nyeupe na nyeusi, kama ubao tuliouzoea. Nikasema, huyu leo atanijua.

Akanifunga kwa hatua nne. Chai yangu ilikuwa bado ina moto.

Kwa yule asiyeujua mchezo huu, nieleze kidogo. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, maaskofu wawili, farasi wawili, ngome mbili, na askari wanane waliopangwa mbele. Malkia huenda pande zote, mbali apendavyo. Ngome hunyoosha njia, askofu hukata mshazari, farasi huruka. Askari husogea mbele nyumba moja, ila mara yake ya kwanza aweza kwenda mbili, naye hula kwa mshazari. Mfalme husogea nyumba moja tu, na atakayembana mfalme wa mwenzake hata akose pa kukimbilia, ndiye mshindi. Mchezo ulianzia Bara Hindi zamani sana, ukapita Uajemi, ukafika kwa Waarabu, nao ndio waliotupatia jina hili la sataranji. Yule tunayemwita askofu, Waarabu humwita tembo, na Wafaransa humwita kichaa, yaani mchekeshaji wa mfalme. Naomba maaskofu wetu wasinikasirikie, jina hilo sikulitunga mimi.

Haya, nilifungwaje? Mwenzangu alisogeza askari wa mbele ya mfalme wake nyumba mbili, nami nikafanya vivyo hivyo. Akatoa askofu wake mpaka katikati. Nikatoa farasi mmoja. Akamtoa malkia, akamweka pembeni kabisa, upande wa mkono wake wa kuume. Nikafurahi, maana nilimwona malkia yuko peke yake, nikatoa farasi wa pili ili nimtishe. Malkia hakukimbia. Alikwenda akamla askari aliye mshazari mbele ya mfalme wangu, upande wa karibu naye, akasimama pale pale puani pa mfalme. Sikuweza kumla kwa sababu yule askofu alikuwa anamlinda kutoka mbali. Mchezo ukaisha.

Yule askari, ndugu msomaji, ndiye mlango mbovu wa nyumba. Askari wengine, mchezo unapoanza, wana malkia au askofu au farasi au ngome ya kuwalinda. Yeye analindwa na mfalme peke yake, na mfalme ni mlinzi mwoga. Mitego mingi ya mwanzo wa mchezo hupitia hapo. Mwenzangu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akanionyesha dawa: malkia akija pembeni namna ile, sogeza nyumba moja askari aliye mbele ya farasi wa upande wa mfalme. Malkia atatishwa, atarudi. Akirudi nyuma akatisha tena kutoka huko, ndipo umtoe farasi wako kumziba njia. Hapo malkia wake amezurura bure, na wewe umekwisha kutoa farasi wawili.

Usiku wa pili nilikuja na akili zangu mwenyewe. Nikasema, kama mlango ni mbovu, nitajenga ua. Nilianza mimi. Nikasogeza askari wa mlango ule nyumba moja, naye akasogeza askari wa mbele ya mfalme wake. Nikasogeza askari wa jirani nyumba mbili, ua ukamilike. Malkia wake akateleza kwa mshazari mpaka ukingoni mwa ubao, na mfalme wangu akawa hana pa kwenda wala mtu wa kumkinga. Hatua mbili tu! Katika mchezo wote wa sataranji hakuna njia fupi ya kufungwa kuliko hiyo, nami niliigundua bila kufundishwa na mtu.

Lakini usiku wa tatu ndio uliokuja kunifunza, ingawa ulichukua miaka kunifunza. Safari hii mwenzangu alianza, akatoa farasi mapema. Nikamtoa askofu wangu nikamkazia macho yule farasi, maana nyuma yake alikuwa malkia. Farasi akiondoka, malkia analiwa. Nilijiona mjanja. Yeye akatoa askofu wake, na farasi wa pili. Mimi nikaikumbuka dawa ya usiku wa kwanza, nikamsogeza askari wa mbele ya farasi wangu, ingawa malkia hakuwa amekuja kunitisha. Nilimeza dawa bila ugonjwa. Ndipo akamwondoa yule farasi kama mtu aliyesahau, akamla askari wangu wa katikati, akamwacha malkia wazi.

Nani angekataa? Nilimla malkia huku nacheka. Askofu wake akamla askari wa mlango mbovu, mfalme wangu akapiga hatua moja mbele kwa kuwa hakuwa na nyingine, farasi wa pili akaruka katikati, na huo ukawa mwisho. Farasi wawili na askofu mmoja walimfunga mfalme wangu, na malkia wao bado alikuwa mkononi mwangu.

Mtego huo huitwa kwa jina la de Légal, Mfaransa wa karne ya 18, aliyekuwa akicheza katika mkahawa mmoja wa Paris na ndiye aliyemfundisha Philidor, mchezaji mashuhuri wa siku zile. Kama ningemla farasi badala ya malkia, ningepoteza askari mmoja tu na mchezo ungeendelea. Lakini mimi ni mtoto wa drafti. Katika drafti kula ni lazima. Ukiona kete ya kuliwa, unakula, hata kama unajua unapelekwa pabaya. Mkono umekwisha kuzoea tangu utoto. Katika sataranji hakuna anayekulazimisha, labda mfalme awe amebanwa na hakuna njia nyingine. Chambo kinawekwa mbele yako, na una ruhusa ya kukitazama na kupita.

Baadaye nilipata kitabu, nikaona kwamba sikuwa mjinga wa kwanza. Kuna kosa moja ambalo hata leo kila anayeanza hulifanya: farasi wa adui anamtishia askari wako wa katikati, nawe unamlinda kwa kumsogeza nyumba moja askari wa mlango mbovu. Farasi anamla yule wa katikati hata hivyo, anajitoa aliwe. Ukimla, malkia anatoka mbio pembeni, anambana mfalme. Ukimziba kwa askari, anakula katikati na kumbana tena, kisha anakwenda kuila ngome yako pembeni. Mfalme akitoka mwenyewe, atasukumwa huku na huku katikati ya ubao kama kuku aliyeingia kanisani. Afadhali umlinde yule askari kwa farasi, basi. Kosa hilo huitwa kwa jina la Damiano, mwuza dawa wa Kireno ambaye kitabu chake kilichapwa Roma mwaka 1512. Naye maskini aliwaonya watu wasilifanye! Ndilo jina alilolipata kwa wema wake.

Wa pili ni padre, Ruy López wa Zafra huko Hispania, aliyetoa kitabu cha sataranji mwaka 1561. Njia ya kuanza mchezo inayochukua jina lake hutumika mpaka leo na mabingwa: farasi, kisha askofu anakwenda kumtisha farasi wa adui. Ni njia njema, lakini nayo ina shimo lake, liitwalo Safina ya Nuhu. Malkia mweupe anakula askari katikati ya ubao, chakula cha bure kabisa kwa macho. Askari weusi wanaanza kusogea, mmoja anamfukuza malkia, na malkia anapohangaika huku na huku, askari watatu wanamzingira yule askofu mweupe kama boma. Hatoki. Mwaka 1929 huko Budapest, Endre Steiner, mchezaji hodari, aliingia katika shimo hilo mbele ya Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1921 mpaka 1927. Niliposoma hayo nilijisikia nafuu kidogo.

Sasa nikueleze jambo ambalo si la kujivunia. Yule mwenzangu alipohama aliniachia ubao. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akarudi likizo. Nikamketisha, nikamfundisha kete zinavyokwenda, kisha nikamfunga kwa zile hatua nne. Akaomba tena, nikamfunga tena. Jirani wakaja kutazama, nikamfunga mbele yao, tukacheka. Dawa sikumwonyesha. Siku ya nne alizipanga kete sandukuni moja moja, akaliweka sanduku juu ya kabati, akasema, "Usiku mwema, Baba." Likizo yote hakuligusa. Wala hakukaa nami barazani tena, alikaa jikoni na mama yake.

Mke wangu alivumilia wiki mbili. Kisha akaniuliza, "Baba watoto, huyu mtoto umemfundisha nini hasa? Maana mimi naona amejifunza kukukimbia."

Sikumjibu. Lakini aliporudi likizo iliyofuata nilishusha sanduku mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Mwanangu, leo hatushindani. Kaa upande wa mtegaji, nikuonyeshe nilivyokutega." Akakaa, lakini kwa mashaka. Nikampa weupe, akamtoa askofu, akamtoa malkia, nami nikamwacha anifunge. Kisha tukabadilishana viti, nikamwuliza angefanya nini. Alitazama ubao muda mrefu sana, mpaka taa ikaanza kufuka moshi, ndipo akamsogeza yule askari wa mbele ya farasi nyumba moja. Sikuwa nimemwambia. Akainua uso akanitazama, na usiku ule hakwenda jikoni.

Tangu hapo tulicheza kila likizo. Nilimwambia machache: toa farasi na maaskofu mapema, usimtembeze malkia kabla ya wakati, usisogeze kete moja mara mbili ukiwaacha wengine wamelala, na umfiche mfalme kwa ngome upesi, yaani mfalme apige hatua mbili pembeni na ngome imruke. Mengine aliyaona mwenyewe.

Akiwa kidato cha pili, jioni moja, aliniacha malkia wake wazi. Sura ya ubao ilikuwa nyingine kidogo, sikuitambua. Mkono wangu ulikwisha kutoka. Katika sataranji ukigusa kete huna ruhusa ya kuiacha, naye alijua, kwa hiyo akaniwahi kabla vidole havijafika.

"Baba," akasema, "hapa si drafti."

Nikamla farasi badala ya malkia, nikapoteza askari mmoja, nikafungwa baada ya saa moja na nusu. Nilikula ugali baridi.

Ubao sasa ameuchukua yeye, anafundisha watoto wake. Mimi nimejitengenezea mwingine kwa boksi la sabuni na vizibo 32, kumi na sita vya rangi moja na kumi na sita vya nyingine, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino: MF ni mfalme, ML ni malkia, N ni ngome, K ni askofu, F ni farasi, na askari hawana alama. Wewe nawe waweza kufanya hivyo jioni moja tu. Wazee chini ya mwembe wameanza kuja kuutazama, na wawili wao wamekwisha kumla malkia.