Nyuma ya Bampa



Mjomba aliposafiri aliniachia gari lake, akinisihi nilitunze. Siku ya pili tu, katika njia zetu za mawe ya volkano hapa Goma, niligonga jiwe. Bampa la mbele likapasuka. Niliazimia kulitoa nyumbani, kuliziba ufa na kulipaka rangi, ili mjomba asijue kamwe.

Kwanza nilifungua ubao wa plastiki unaoikinga injini kwa chini, kisha skrubu zilizo chini ya boneti. Nilivuta, bampa likakataa. Nikageuza gurudumu upande, nikachungulia: ndani kulikuwa na skrubu nyingine, imefunikwa na matope. Nilipoifungua, nikachomoa waya za taa, bampa likatoka bila nguvu.

Ndipo nikaona nilichokuwa sikijui: rejeta, chombo cha kupoza injini, ilikuwa ikivuja. Kwa nje rangi ingependeza. Kwa ndani maji yangeendelea kupungua, na mjomba angekwama njiani, injini imeungua.

Usiku ule nilimpigia simu, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Mwanangu, bampa tutanunua. Asante kwa kuniambia.»

Tangu hapo, ninapojiandaa kwa Kitubio, huikumbuka ile skrubu ya matopeni. Dhambi ndogo huzitaja upesi. Ile moja huiruka. Nawe, ndugu yangu, ni ufa gani unaoupaka rangi?