Safu ya NI

Usiku ule nilikuwa na betri ya saa mbili na sura moja ya kazi yangu ya kumaliza masomo. Mtaani kwetu Bukavu umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, na asubuhi mwalimu anayeniongoza alitaka vyote viwili: sura na sauti. Sauti ni ya nyanya, hadithi zake za Kimashi nilizozirekodi kwa simu kabla hajafariki. Kwenye kompyuta kuukuu ya binamu yangu, yenye Linux, programu moja ilikuwa inaisafisha huku mimi ninaandika. Nikibonyeza herufi, inatokea nimeshapumua mara mbili.

Nilifungua dirisha la amri, nikaandika top. Ikaja orodha ya programu zote, na safu mbili ambazo sikuwahi kuzijali, PR na NI. Mwanafunzi wa lugha ana ugonjwa wake: niliisoma "ni", ile yetu fupi, nikangoja kuambiwa ni nini. Kumbe ni kifupi cha neno la Kiingereza nice, yaani mpole. Upole huo hupimwa toka -20 hadi 19. Mwenye namba kubwa huwapisha wengine; mwenye namba hasi hupita mbele. PR, kipaumbele chenyewe, kwa programu za kawaida ni 20 kujumlisha NI. Zangu zote mbili zilikuwa na 20 na 0. Hakuna aliyempisha mwenzake.

Nikabonyeza r, nikaandika namba ya programu ya sauti, kisha 19. Herufi zikaanza kufuata vidole.

Baada ya nusu saa nikashikwa na aibu. Nyanya, ambaye hata wageni hawakumkatiza akianza hadithi, nimemweka nyuma ya tanbihi zangu! Nikajaribu kumrudisha kwenye 0. Kompyuta ikakataa: mtumiaji wa kawaida huruhusiwa kuongeza upole tu, kuupunguza ni kazi ya msimamizi, na neno la siri alikuwa nalo binamu, ambaye alishalala.

Basi nikaacha kuandika. Safu ya %CPU ya programu ile ikapanda hadi karibu 100, na NI bado 19. Wengine waliponyamaza, prosesa nzima ikawa yake.

Nikakaa mikono mapajani, macho kwenye betri. Asilimia 11. Sauti iliisha kwenye 4. Sura niliimalizia kwa kalamu, kwa mwanga wa simu.