Kisu, Miale au Kungoja

Daktari aliniwekea njia tatu: kuondoa tezi dume yote, kuichoma kwa miale, au kungoja huku damu ikipimwa kila baada ya miezi michache. Akasema nikaamue na familia. Kuamua nini, bwana? Mimi nilikwenda pale kwa sababu ya kuamka usiku mara nne kukojoa.

Nina miaka 61. PSA yangu, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ilikuwa 11. Vipande vya nyama vilivyochukuliwa kwa sindano vilirudi kutoka maabara na alama ya Gleason 3+4. Kipimo hiki kilianzishwa na Donald Gleason, daktari wa Marekani, miaka ya 1960, na huangalia seli zimeharibika kiasi gani. Ukipata 6, ni saratani ya mwendo wa pole. Ukipata 9 au 10, mambo ni ya haraka. Mimi nina 7, na hapo katikati ndipo pagumu. Ningepata 10 kusingekuwa na mjadala.

Jamaa walikuwa na majibu kabla sijamaliza kueleza. Kaka yangu mkubwa alisema, "Kitolewe, kikishatoka kimetoka." Shemeji yangu akaninong'oneza kwamba ukitolewa ile kitu, uanaume ndio basi. Wote walisema kana kwamba natakiwa kuchagua kati ya uhai na kifo, na sivyo.

Uingereza walifanya utafiti unaoitwa ProtecT. Wanaume 1,643 waliokuwa na saratani isiyotoka nje ya tezi waligawanywa kwa kura: wengine kisu, wengine miale, wengine kufuatiliwa tu. Majibu ya miaka 15 yalitoka 2023. Waliouawa na saratani hiyo walikuwa takriban 3 katika kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana sana. Tofauti ilikuwa kwingine. Waliongoja, ilisambaa mwilini kwa 9 hivi katika 100. Waliokatwa au kuchomwa, 5. Na waliokatwa walilipa bei yao: hata baada ya miaka 12, karibu 24 katika 100 walikuwa wakivaa pedi kwa sababu ya mkojo kuvuja. Waliochomwa miale walikuwa 8, ila wao ndio walioumia zaidi upande wa choo kikubwa.

Sasa, karibu wanaume wote katika utafiti ule walikuwa wazungu. Sisi wenye asili ya Afrika ugonjwa huu hutupata zaidi na hutuua zaidi, na wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani ni damu yetu na kwa kiasi gani ni kuchelewa kufika hospitali. Kwa hiyo zile 9 zao sikuweza kuzichukua kama zangu. Kungoja nikakuondoa.

Mkojo ndio ulioninyima usingizi. Mwanamume wa Mombasa aliyelelewa chuoni anafunzwa kujihadhari na tone la mkojo kabla hajajua kusoma. Nilimwuliza sheikh wa mtaani, tukiwa wawili tu. Akanieleza kwamba mwenye kuvuja ana ruhusa yake: ajisafishe, ajifunge, atawadhe wakati wa sala ukishaingia, aswali bila kuchelewa, na sala inayofuata afanye hivyo tena. Dini haikunibana. Aibu ya kusimama safu ya mbele ukijinusa mwenyewe, hiyo haina fatwa.

Mke wangu alisikiliza yote, kisha akasema, "Bwana'ngu, mimi sikuolewa na tezi. Ukivuja nitafua, kufua si kazi mpya. Lakini hiyo kitu ikiingia mifupani, nitafua nini?" La chumbani tuliliongea baadaye, taa imezimwa, na si lote la kuandikwa. Nilimweleza kwamba tangu 1982, Patrick Walsh wa Marekani alipoonyesha namna ya kukata bila kugusa mishipa ya fahamu inayopita kando ya tezi, wengine hurudi kama zamani au karibu na hapo. Wengine hawarudi. Saratani ikiwa imekaribia ile mishipa, daktari huikata nayo.

Kilichonisukuma mwishowe ni mpangilio. Ukianza na kisu na ugonjwa ukarudi, miale bado ipo. Ukianza na miale, kuja kukata baadaye ni kazi ngumu, nyama zimeshashikana, na wapasuaji wengi hawapendi kuigusa. Tena tezi ikishatoka, PSA inatakiwa kushuka mpaka karibu na sifuri. Ikianza kupanda, unajua mapema bila kubahatisha. Angekuwa mtu wa miaka 78 mwenye moyo mbovu ningemwambia aachane na kisu kabisa. Mimi bado napanda ngazi za Fort Jesus na wajukuu.

Upasuaji ni baada ya Idi. Nitarudi nyumbani na mpira wa mkojo wa wiki moja au mbili. Nimeshaanza mazoezi ya kukaza misuli ya chini, ile unayotumia kuzuia mkojo njiani, na nayafanya kwenye matatu bila mtu kujua. Pedi nimenunua paketi mbili, duka la dawa la Kongowea, mbali na mtaa wetu. Dada wa pale akaniuliza ni za mgonjwa wa umri gani. Nikamwambia ni zangu.