Jino Moja



Juma hili tunaomba mtuvumilie tukizungumzia gari la parokia. Wengi wenu mmeuliza kwa nini lilikaa juu ya mawe kwa majuma matatu. Tena maneno tuliyoyatamka mbele yenu kuhusu jambo hilo hayakuwa ya kweli.

Gari lenyewe mnalifahamu, Land Cruiser kuukuu iliyokwisha kubeba makatekista, mabati, wagonjwa, na zaidi ya mara moja jeneza. Mwaka jana difu yake ya nyuma ilivunjika meno. Tukapata nyingine iliyotumika, kwa bei iliyotufurahisha. Fundi wetu alipoiona alisema, “Baba, tuhesabu meno kwanza.” Tulimjibu kwamba muda haupo, vigango vinasubiri Misa. Matundu ya bolti yalilingana, ekseli ziliingia bila kulazimishwa, nasi tukaona hayo yatosha.

Kwa miezi kadhaa gari lilikwenda vizuri, na sisi tuliona linakwenda vizuri kuliko zamani. Kwenye lami ya Mbinga injini ilikuwa tulivu, na tulifika mapema ingawa mshale wa mwendo haukupanda. Dereva alilalamika kwamba milimani limekuwa zito. Tukamshauri abadilishe gia mapema. Tunakiri pia kwamba katika kikao cha kamati ya fedha tulijisifu kidogo.

Kisha ikaja ile jioni ya mwezi Machi. Tuliitwa kumpaka mafuta bibi mmoja katika kigango cha juu kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha huko mlimani, lakini chini barabara ilikuwa bado kavu. Ili tusisumbuke baadaye, dereva alifunga habu za mbele na kuingiza fo-wili tukiwa bado kwenye changarawe ngumu. Gari likaanza kuguna. Usukani ukawa mzito, matairi yakalia kama yanaburutwa. Dereva alijaribu kuitoa ile gia, kigingi kikakataa. Tulipofika kwenye matope kelele zikapungua, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini kwenye ule mteremko mkali uliomwagwa zege, wenye mashamba ya ngoro pande zote mbili, ulisikika mlio kama wa risasi. Krosi ya shafti ya mbele ilikuwa imekatika.

Tulipanda kwa miguu kwa saa mbili, mafuta ya wagonjwa mfukoni na tochi ya simu mkononi. Tulipofika, kilio kilikuwa kimekwisha kuanza. Mpako wa Wagonjwa ni kwa walio hai. Tulisali sala za marehemu, tukakaa na wanawe mpaka alfajiri. Mkubwa wao alituuliza mara moja tu, bila hasira, “Baba, mlikwama wapi?”

Jumapili iliyofuata, katika matangazo, tulisema kwamba gari limeharibiwa na ufundi mbovu. Hatukumtaja mtu jina. Hapakuwa na haja, kwa kuwa fundi wa parokia ni mmoja tu, naye alikuwa ameketi benchi la tatu.

Jumatatu alikuja na jeki na kipande cha chaki. Hakusema lolote juu ya Jumapili. Aliweka mawe kwenye magurudumu, akaweka gia huru, akainua gurudumu moja la nyuma na kuliacha la pili likae chini. Alichora alama kwenye tairi na nyingine kwenye shafti, akatuomba tuhesabu. Gurudumu lililoinuliwa alilizungusha mara mbili kamili, kwa sababu mwenzake likisimama, difu hugawa mzunguko nusu kwa nusu. Shafti ilizunguka mara tatu na karibu robo tatu. Akahamia mbele, akafanya vilevile. Huko ilizunguka mara nne na kidogo.

Baadaye alifungua difu zote mbili tukahesabu meno kwa vidole vyenye grisi. Kraunwili ya mbele ilikuwa na meno 37, na ya nyuma 37. Pinyoni ya mbele, ile gia ndogo inayoizungusha kraunwili, ilikuwa na meno 9. Ya nyuma ilikuwa na 10.

Tofauti ni jino moja tu. Lakini gari hili, fo-wili ikiingia, transfa huzifunga shafti mbili ziende sawasawa, wala hakuna difu ya katikati ya kuzipatanisha. Basi magurudumu ya mbele yakienda mita 9, ya nyuma yanataka kwenda mita 10. Kwenye tope tairi huteleza na deni hulipwa palepale. Kwenye zege halitelezi. Kila mita huongeza msokoto ndani ya vyuma, ndiyo maana kigingi kiligoma, mpaka kilicho dhaifu zaidi kikatike. Na ukiendesha kwa magurudumu ya nyuma peke yake hutajua lolote. Ule wepesi wa lami tuliousifu ulikuwa ndio kasoro yenyewe.

Tuliuliza kama haiwezekani kununua pinyoni ya meno 9 peke yake. Fundi alitikisa kichwa: kraunwili na pinyoni husuguliwa pamoja kiwandani, huuzwa pamoja, huchakaa pamoja. Wala ile difu ya 10 si mbovu. Ingefaa kabisa gari ambalo mbele yake pana 10, nasi tumeihifadhi stoo. Torati ilipokataza kumfunga ng'ombe na punda katika jembe moja, haikumlaumu punda.

Tungeweza kulinganisha kwa kubadili ya mbele. Fundi alichagua kurudisha 9 nyuma, kwa kuwa milima yetu inataka nguvu kuliko mwendo. Alikwenda nasi Songea, na safari hii alihesabu meno dukani kabla hatujatoa fedha, huku muuzaji akitazama saa yake. Tulisimama kando, kimya.

Wapendwa, difu ilinunuliwa na sisi. Fundi alituonya, tukamnyamazisha kwa sababu ya haraka. Kisha tulipoaibika tukamtwika aibu yetu mbele ya altare. Tumemwomba msamaha faraghani, na Jumapili hii tutamwomba mahali palepale tulipomkosea. Tulipomweleza hivyo aliinama kufuta spana zake, akasema, “Baba, tulijaribu kwanza.”

Jumamosi tulipanda naye mlima uleule. Kwenye zege aliingiza fo-wili kwa muda mfupi tu ili asikilize, kisha akaitoa, na kigingi kikarudi kwa kidole kimoja. Tulipofika kigangoni alishuka, akagusa habu moja baada ya nyingine kwa kiganja kuona kama zimepata moto. Kisha akavua kofia, akatufuata kwenda kaburini kwa bibi, ambako wanawe walikuwa wakitungoja.