Chuo cha Mtaa si Chuo cha Waliofeli

Wasee, kuna swali nimechoka kulisikia kwa familia yetu: "Yaani ameenda Marekani yote hiyo kusoma chuo cha mtaa?"

Anayesemwa ni binamu yangu. Alihamia California na mamake miaka kadhaa iliyopita, na sasa anasoma anthropolojia kwa chuo cha jamii, vile vyuo vya miaka 2 ambavyo viko karibu na watu na karo yake ni ya chini. Akimaliza, atahamia chuo kikuu. Mjomba alikuwa anangoja picha ya binamu amevaa hudi ya chuo chenye jina. Sasa anaona aibu hata kuwaambia wazee wenzake.

Hebu tupige hesabu. Mkaazi wa California hulipa dola 46 kwa kila krediti. Krediti 60 ni dola 2,760, bila vitabu na vile vi-ada vidogo vidogo. Halafu kuna sheria ya 2010: ukimaliza ile diploma maalum ya kuhamia na alama zinazotakikana, una uhakika wa nafasi kwenye mfumo wa California State University, na unaingia mwaka wa 3. Pengine si kampasi uliyoitamani, lakini huanzi upya.

Swali la pili la mjomba: anthropolojia ni ya nini? Ni kusoma binadamu. Tulitoka wapi, na kwa nini tunaoa, tunazika na tunakula vile tunavyofanya. Usiku mmoja binamu alinipigia simu, darasa lao limefika kwa Mvulana wa Turkana, mifupa ya kama miaka milioni 1.5 iliyopatikana Nariokotome mwaka wa 1984. Aliyeona kipande cha kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kama kibarua wa kuchimba. Hilo jina binamu alilisikia mara ya kwanza akiwa California. Mimi nililisikia kutoka kwake.

Na kama kozi haina maana, mjomba aanze na Jomo Kenyatta. Miaka ya 1930 alisoma anthropolojia London School of Economics, chini ya Bronislaw Malinowski. Hakuwa na digrii ya kwanza. Alikuwa amesoma shule ya misheni na kufunzwa useremala. Masomo hayo ndiyo yalizaa kitabu chake, Facing Mount Kenya, mwaka wa 1938. Sijawahi kusikia mzee yeyote akiuliza Kenyatta aliingilia mlango gani.

Hii story inaniuma kwa sababu yangu pia. Niliacha uni mwaka wa 2, karo ilipotushinda nyumbani. Sijutii na siombi huruma, hizi video zinanilisha. Lakini nilipoulizia chuo kingine kama yuniti 14 nilizopita zitahesabiwa, niliambiwa nianze mwaka wa kwanza. Yuniti 14! Kila moja mamangu aliilipia kwa pesa ya kibanda chake cha mboga. Kwa karatasi, Kenya ina sheria tangu 2014 inayotaka mtu aweze kuhama na alichosoma. Kwa dirisha la ofisi, nilipewa fomu mpya.

Binamu akisimama leo juu ya kazi ama mtoto, kwa kawaida krediti zake zinabaki kwa rekodi zikimngoja. Mimi zangu zimekuwa kumbukumbu tu. Kati yetu wawili, nani anafaa kuonewa aibu?

Kwa hivyo wewe uko diploma, ama chuo cha kaunti, na watu wa kwenu wanakuita aliyefeli, achana nao. Kuna swali moja tu la maana, na uliulize kabla hujalipa hata shilingi: nikitoka hapa, nitaenda na nini, na ni nani atakihesabu? Wakikujibu kwa mdomo, waambie wakuandikie.