ZAMU YA USIKU, sehemu ya 9: Kompyuta za kwenye muvi

Mmeshaona kwenye muvi: daktari anaandika jina tu, kompyuta inalia tii, picha ya mgonjwa inatokea kubwa ukutani, kundi la damu, mzio, kila kitu. Hakuna anayegusa mausi wala kusahau neno la siri.

Sasa njoo Morogoro. Andika Asha Salum, subiri. Kiduara kinazunguka weee. Wanatokea kina Asha kumi na kitu, wa Mgeta, wa Matombo, wa Kinole, wa Kihonda, na nusu yao eti wamezaliwa Januari 1. (Watu wa mapokezi mnanielewa.) Bibi aliyeshuka mlimani alfajiri mwaka wake haujui, na jina la kwenye kadi ya bima silo analoitwa nyumbani.

Kuna siku wodini tulikuwa na wawili majina sawasawa. Mmoja penisilini inamdhuru. Faili lililofunguka kwenye skrini lilikuwa la mwenzake, safi kabisa, kwenye mzio imeandikwa "hakuna". Dawa ilishavutwa kwenye sindano. Kilichomwokoa ni swali: Mama, unatoka kijiji gani? Akasema Nyandira. Faili linasema Kihonda. Tukaulizana tena, sindano ikarudi kwenye trei.

Ile kompyuta haikuharibika. Ilijibu ilichoulizwa, basi. Ya kwenye muvi inajua mtu, ya kwetu inajua herufi.

Halafu zenye kazi kubwa hazina hata mvuto. DHIS2, zinakoingia takwimu zetu za MTUHA, inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norwei na inatumika nchi nyingi. Ukiifungua ni majedwali matupu. Nani atalipa kiingilio kuangalia idadi ya malaria kwa mwezi? Lakini ikipanda, ndipo inapoonekana.

Cha kuchekesha, Jurassic Park ya 1993, yule binti anapita kwenye mafaili kama anaruka juu ya mji, watu walisema uongo mtupu. Kumbe programu ya kweli! Inaitwa fsn, ya Silicon Graphics.

Kwa hiyo ukiulizwa kijiji na jina la mama mara tatu, na watu watatu, usinune. Na kama kuna dawa inakudhuru, sema mwenyewe, hata kama macho yetu yapo kwenye skrini.

Sehemu ya 10: umeme umekatika, rejista iko wapi?