Sura Yangu Iko ku Ulaya

Ziwa Kivu nililiona, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizosheheni makaa zikiteremka kutoka Kibumba nilizipisha njia. Hayo yana wasimulizi wengi. Mimi nina la Munigi, pale mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, unapoanza kupanda kuelekea volkano ya Nyiragongo.

"Leta nione," mama mmoja akasema.

Nilikuwa nimemwomba ruhusa, akakubali, nikampiga picha mlangoni kwake akichambua maharage. Nikaigeuza kamera aone ilivyo tupu mgongoni. Ni Olympus Trip 35, iliyoanza kuuzwa 1967. Haitumii betri wala haina kioo cha kuonyesha picha. Nikamweleza kwamba filamu lazima ikasafishwe kwanza.

"Papa, banakuyaka hapa, banatupiga foto, banaenda nazo."

Akaanza kutaja nyakati walizokuja wapiga picha. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika na kipindupindu kikaua maelfu, walikuja. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipopasuka, nyufa zikafika hadi Munigi na lava ikaingia katikati ya Goma, wakaja. Mei 2021, lava iliposimama ukingoni mwa mji, wakaja tena.

"Sura yangu iko ku Ulaya. Miye hapa sina hata moja."

Nilikereka. Nimetoka Mwanza kwa nauli yangu, sijatumwa na gazeti lolote; kwa nini nilipishwe deni la wengine? Lakini alikuwa bado amenyoosha mkono akiisubiri picha, na hasira yangu ikakosa pa kusimama. Picha za Munigi za mwaka ule wa kipindupindu zilizozunguka dunia ni za watu waliolala chini. Huyu alikuwa anataka yake, amesimama.

Akaingia ndani, akatoka na kitenge kipya, akaniita sebuleni. Nilipobonyeza, kibendera chekundu kikainuka kwenye kitundu cha kutazamia na kamera ikagoma: mwanga hautoshi. Tukatoka nje.

Hapo ndipo kazi ilipo. Anga la Munigi ni jeupe kwa mawingu, ardhi ni lava nyeusi, na kipima mwanga cha kamera hii kinachanganya vyote na kutoa wastani. Mtu mweusi akisimamishwa mbele ya anga, uso unazama gizani. Nikamhamishia kwenye ua wa mawe ya lava, anga likabaki ukanda mwembamba juu. Filamu ilikuwa ya ISO 400. Nikarudisha kipimo cha kamera hadi 200 ili uso upate mwanga zaidi, kwa kuwa filamu ya rangi inavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Nikachagua alama ya watu watatu, yaani mita tatu hivi.

"Usinikate miguu," akaonya. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Nikarudi nyuma hatua moja.

Hakutabasamu, nami sikumwomba. Wapigaji wengi huomba tabasamu kana kwamba ni malipo yao. Alikaza shingo, akashika pindo la kitenge, akatazama lenzi moja kwa moja. Nikapiga. Akaamuru nyingine, na mjukuu wake.

Nikamwambia nitamtumia kwa simu ya kijana wake.

"Hapana, ya karatasi. Telefone inakufaka."

Tukakubaliana picha nitampa dereva anayepita Gisenyi, mpakani, kila wiki, naye ataiacha kwenye duka la jirani. Nakala mbili, moja ya mjukuu. Nilipokuwa nafunga begi akaniita tena: nyuma ya picha niandike jina lake, Munigi na mwaka, kwa wino usiofutika.